Sabuni ya Mamlaka

Mkwe hakuwa akila chochote mpaka asalimiwe. Ungeweza kumwaga maganda ya viazi juu ya mdomo wake, lakini kama hujampa mkono angeyaacha pale pale yaoze, na harufu ingewafukuza wateja wa Safu ya Mianzi yote, kuanzia mgahawa wa Mama Lukelo hadi kibanda cha Zakayo fundi cherehani. Ndiyo maana wakamwita Mkwe. Mbele ya mkwe huli ovyo, hupayuki, wala hupiti mlangoni kwake mikono mitupu.

Asubuhi hiyo ukungu wa Lihanule ulikuwa bado umekalia mabati ya soko. Mzee Evodi Kilasi, mlezi wa Mkwe, alikunja mkono wa koti lake zito, akafuta kiganja kwenye suruali, akauingiza mkono katika tundu lililokuwa kifuani mwa pipa. Tuseme pipa kwa kukosa neno. Lilikuwa na kimo cha mtu mzima na ngozi ya kahawia iliyokunjamana, maana halikuundwa kiwandani. Lilioteshwa.

Ndani, ulimi wa uyoga ukauzunguka mkono wake. Ulikuwa na joto la uji uliopoa. Ulionja jasho la kiganja, ukatulia kama unafikiri, kisha ukaubana mkono mara mbili, chapu chapu, ukauachia. Juu, mdomo ukafunguka.

"Haya," Evodi alisema, na haikuwa sauti ya mtu aliyefurahi. "Nimekubaliwa tena."

"Kamwene, baba!" Mama Lukelo alimwita kutoka jikoni, ndoo ya maganda ikimning'inia mkononi. "Mkwe kaamkaje?"

"Ana njaa kama wakubwa."

"Usimtukane. Huyu akila anajamba gesi, tunapikia. Wale wakila wanajamba matamko."

Evodi alicheka kwa pua tu. Watu wakaja mmoja mmoja na vyao. Zakayo alileta mabaki ya vitambaa, dada wa saluni akaleta gunia la nywele, mwenye kilabu cha ulanzi akaleta vikombe vya plastiki vilivyopasuka. Mkwe alivimeza vyote, na tumboni mwake uyoga na vijidudu vikaanza kuvigombania. Gesi ilipanda kwenye bomba kuelekea majiko ya safu. Mbolea ilidondoka nyuma, wakulima wa parachichi waje kuichukua. Na kutoka kwenye chuchu ndogo ubavuni ulichuruzika utomvu mweupe ambao Evodi aliumimina kwenye kalibu, ukaganda, ukawa sahani, au vifungo vya Zakayo, au visigino vya viatu. Sahani ya Mama Lukelo ikivunjika, ilirudi kwa Mkwe na kuwa sahani tena. Safu ya Mianzi haikuwa na jaa. Watu walikuwa wamesahau hata jaa linanukaje.

"Wamesema afisa anakuja leo," Mama Lukelo alisema akikung'uta ndoo. "Ukiulizwa, baba, jibu vizuri. Usianze habari za sabuni."

"Mimi sisemi nao. Niliapa."

"Hata kusalimia?"

"Kusalimia nitasalimia. Sikulelewa porini."

*

Aliyemlea Mkwe alikuwa Edina, mke wa Evodi. Mamlaka ya Taka ilipogawa mbegu, moja kwa kila safu ya soko, nyingine stendi na machinjioni, yeye alipokea kitu kidogo kama andazi, akakiweka kwenye beseni karibu na jiko ili baridi isikiue, akakitafunia maganda ya ndizi kama mtu anayemlikiza mtoto. Siku hizo Evodi alikuwa akipasua mbao. Alirudi jioni akamkuta mkewe anaongea na beseni.

"Una wazimu, mke wangu."

"Na wewe una wivu," Edina alijibu, wala hakugeuka.

Edina alikuwa na namna yake ya kusalimia. Akikupa mkono, alikubana mara mbili, chapu chapu, kama anayekuonya usicheke kanisani. Mkwe aliishika tabia hiyo. Hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Alikua na mkono ule, akadhani ndivyo salamu zilivyo duniani.

Halafu asubuhi moja akamkataa. Ulimi ulimgusa Edina, ukasinyaa, ukarudi ndani, na mdomo haukufunguka.

Sasa, kila salamu ya Mkwe ilisafiri kwa waya hadi ofisi ya Mamlaka, na huko kioo kiliandika neno moja tu: amekubali, au amekataa. Ulimi ule ulitengenezwa uonje jasho ili mlevi, au mtu mwenye sumu mikononi, asije akamlisha. Kwa hiyo kioo kilipoandika amekataa, ofisini hakuna aliyejisumbua kutoka kwenye kiti. Walikwisha kuamua maana yake. Mlezi ni mchafu. Wakatuma boksi la sabuni ya mche, ya bluu, na juu yake karatasi: Mlezi anawe mikono kabla ya kazi.

Edina akanawa. Evodi alishika jagi akammiminia, naye akasugua mpaka vifundo vikapasuka kwa baridi na magadi. Mkwe akakataa. Likaja boksi jingine. Mwanamke yule, ambaye ungeweza kuokota punje ya wali kwenye sakafu yake ukaila, akaanza kuficha mikono ndani ya khanga anapoongea na watu. Soko lina macho. Dada wa saluni aliacha kununua vitumbua vyake. Aibu ndiyo iliyomla kwanza. Ugonjwa ulimla baadaye, na daktari alipouona ulikuwa umeshajenga nyumba kwenye ini, akauliza kwa nini wamechelewa hivyo.

Baada ya mazishi mtu alitakiwa amlishe Mkwe, maana taka za watu hazikai matanga. Evodi alikwenda na udongo wa kaburi chini ya kucha. Hakunawa. Hakuwa na nguvu ya kunawa. Mkwe akaupokea mkono ule mchafu, akaubana mara mbili. Na hapo, akiwa amesimama na mkono ndani ya pipa, salamu ya mkewe ikiwa bado iko kiganjani, Evodi akaelewa. Tangu mwanzo haikuwa habari ya uchafu.

Alikwenda ofisini kuwaeleza. Alikaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Alirudi, akakaa tena. Mwishowe kijana mmoja wa dirishani akamsikiliza, akitikisa kichwa kwa adabu, akainuka, akaingia chumba cha nyuma. Evodi akajua amekwenda kumwita mkubwa.

Alirudi na boksi la sabuni.

Tangu siku ile aliapa kwamba watu wale hawatasikia neno la maana kutoka kinywani mwake. Kila asubuhi alimpa Mkwe mkono, akabanwa mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yake iliyobaki. Na kila asubuhi, kwa siri ambayo hakumwambia hata Mama Lukelo, alikuwa akitamani kidogo kwamba ulimi usinyae.

*

Afisa alikuja na buti za mvua na kishikwambi kifuani. Alikuwa binti mwenye sura ya kuchoka, na jina lake lilikuwa limeshonwa kwenye koti la Mamlaka: Hosiana Msigwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Habari za kazi?"

Evodi akatazama mlimani. Salamu ilikuwa imekwisha.

Hosiana akawageukia wafanyabiashara, akawasomea agizo. Mkwe na wenzake wote wa wilaya walazwe. Mahali pao itakuja mashine ya chuma, ya aina moja kwa nchi nzima, isiyohitaji mlezi wala kusalimiwa. Unabonyeza, inameza.

"Na gesi?" Mama Lukelo aliuliza.

"Itakwenda kituo kikuu kwanza. Halafu mtaunganishwa."

"Lini?"

"Mchakato unaendelea, mama."

"Mchakato huo una miguu, au tuutumie bodaboda?"

Watu wakacheka. Hosiana naye akataka kucheka, akajizuia. Alikuwa na kazi ya kumaliza, na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkwe hazimwi kwa swichi. Ana koo la nyuma linalopokea dawa ya kulaza, na koo hilo halifunguki ila kwa mikono miwili aliyoikubali, wa mlezi, kisha wa afisa aliyesajiliwa. Wilaya nzima ilikuwa na mkono mmoja uliosajiliwa, wa Hosiana. Kuubadili lazima kamati ikae.

Evodi alitoa mkono kwanza. Hakubisha. Alibanwa mara mbili, na akaacha mkono humo ndani kwa kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Zakayo akakohoa.

Akaja Hosiana. Alivua saa, akauingiza mkono.

Ulimi ulimgusa, ukasinyaa, ukarudi ndani.

Kishikwambi kikalia. Hosiana akakitazama, mashavu yakamwiva. "Nimekula karanga njiani," alisema, kama anayejitetea kwa mwalimu. Akafungua mkoba wake na kutoa kipande cha sabuni. Ilikuwa ile ya bluu. "Samahani, mzee. Naomba unimiminie."

Mgeni akiomba maji ya kunawa, humnyimi hata kama ni adui. Evodi alichukua jagi jikoni kwa Mama Lukelo, akammiminia. Binti akasugua, akasuuza, akajaribu. Mkwe akakataa. Akasugua tena, katikati ya vidole, chini ya kucha. Mkwe akakataa.

Zakayo alisogea akamnong'oneza Evodi sikioni, na furaha ilikuwa inamtoka hadi kwenye pumzi. "Nyamaza hivyo hivyo, mzee. Akishindwa, mpaka kamati ikae. Na kamati ya Mamlaka ikikaa, imekaa! Tutazeeka na Mkwe wetu."

Ilikuwa kweli. Evodi hakuhitaji kufanya lolote. Angeshika jagi tu. Mkwe angebaki, na kila asubuhi angebanwa mkono. Huyu hapa na koti lake, ofisi ile ile, sabuni ile ile. Wao walipoambiwa kuhusu Edina, walisikia? Basi nao wasisikie. Waionje. Moyo wake ulisema hivyo waziwazi, na hakuona haya.

Maji yalikuwa ya baridi. Mikono ya binti ilikuwa imeanza kuwa myekundu vifundoni. Aliacha kusugua, akainua vidole puani, akavinusa, kwanza vya kulia, halafu vya kushoto. Kisha akamtazama Evodi, na akasema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie:

"Mzee, mimi si mchafu."

Edina alilisema hilo. Alilisema pale pale, jagi likiwa mkononi mwa mtu yule yule, naye alimjibu, "Najua, jaribu tena," akaendelea kumimina.

Evodi akaacha kumimina. Akaliweka jagi chini.

"Si mikono, binti," alisema. "Acha kunawa."

"Sijaelewa."

"Huyu haonji uchafu. Mimi nimempa mkono wenye udongo wa kaburi, akaupokea. Anaonja kilicho ndani. Mke wangu alikataliwa hivi hivi, mkatuletea sabuni. Alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyejua ila huyu."

Zakayo aliachia tusi. Mama Lukelo akamkanyaga mguu.

"Lakini mimi mzima," Hosiana alisema. "Sina hata mafua. Juzi nimepanda mlima kwa miguu."

"Edina naye alikuwa mzima. Alibeba magunia."

Hosiana alisimama na maji yakimdondoka vidoleni. Evodi alidhani anaogopa kwa ajili yake mwenyewe, na labda ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Halafu uso wake ukabadilika.

"Stendi," alisema.

"Stendi kuna nini?"

"Mlezi wa stendi. Na yule wa machinjioni. Wamekataliwa. Mimi..." Akaitazama sabuni kama ndiyo kwanza anaiona. "Mimi ndiye niliyewapelekea maboksi."

Jikoni kwa Mama Lukelo sufuria lilikuwa linachemka peke yake.

"Nenda hospitali," Evodi alisema. "Usikubali wakupe panado urudi nyumbani. Waambie waangalie ini, waangalie kila kitu. Lakini usiseme umeambiwa wapi."

"Nisiposema, hawa wote watalazwa, wilaya nzima, na wenye kukataliwa watakufa na sabuni mikononi." Aliongea taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. "Nikisema, wengine wataachwa. Huyu hawatamwacha. Ndiye mkubwa kuliko wote, ndiye aliyelelewa vizuri. Watataka kumfungua waone anaonjaje."

"Watamchana."

"Ndiyo, mzee. Watamchana."

"Mlishindwa kunisikia nikiwa nimekaa kwenye benchi lenu. Leo mnataka na huyu."

Hosiana hakujitetea. Angejitetea, Evodi angepata pa kumshikia. "Niambie nifanyeje," alisema.

"Unaniuliza mimi? Mwenye koti ni nani?"

Lakini alikuwa ameshageuka, ameweka kiganja juu ya ngozi ya Mkwe iliyokunjamana, upande ule wenye joto ambako Edina alizoea kuegemea mgongo siku za baridi kali, akimenya viazi. Mteja mmoja akaja kuulizia chai, Mama Lukelo akamwonyesha kwa mkono aende zake.

"Kaandike," Evodi alisema bila kugeuka. "Kaandike uondoke hapa."

*

Lori lilikuja msimu wa mahindi mabichi. Zakayo alikuwa hajamsemesha Evodi tangu siku ile. Gesi ingekatika, na kila mtu katika safu alijua ni kwa mdomo wa nani.

Hosiana alishuka upande wa abiria, polepole, akishikilia ubavu. Alikuwa amekonda, na koti la Mamlaka lilimpwaya. Walikuwa wamempasua na kukitoa kitu kikiwa bado kidogo. Mlezi wa stendi naye alikuwa amelazwa hospitali, anaendelea vizuri. Kuhusu yule wa machinjioni hakusema, na Evodi hakumwuliza.

"Wameahidi hawatamchana wote," alisema. "Watachukua ulimi. Mwili watajaribu kuuotesha tena."

"Wameahidi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sawa. Na mimi niliahidiwa barabara ya lami."

Vijana wa lori walikuwa wameshafungua nati za bomba. Nyuma yao, kwenye kichanja cha mbao, ilikuwa imekaa mashine ya chuma, mpya, imefungwa nailoni, na kitufe kimoja chekundu mbele. Hosiana akawaambia wasubiri. Akawageuza hata migongo, wote, kwa sababu ambayo hawakuielewa.

Evodi alikunja mkono wa koti.

Safari hii hakutamani kidogo. Alitamani kwa moyo wote. Alikuwa mzee, kifua kilimbana usiku, na hakukuwa na mtu nyumbani wa kumwambia kwamba kinambana. Huyu akimkataa leo, basi kuna njia, si ndefu, na mwisho wake kuna mtu anayemjua. Aliuingiza mkono hadi kiwiko. Ulimi ukaja. Ulionja kiganja, ukapanda kwenye kifundo, ukashuka. Ulichukua muda wake. Evodi alifumba macho.

Ukambana. Mara mbili, chapu chapu.

Yu mzima. Moyo, ini, damu, vyote vizima. Angeweza kuishi miaka mingi sana.

Alisimama pale mpaka ulimi wenyewe ulipomwachia. Kisha akasogea kando, na vijana wakamfunga Mkwe kamba, wakampandisha, naye mzito, wakimlalamikia kama wanavyolalamika wabeba mizigo popote. Lori likaondoka. Mahali alipokuwa Mkwe palibaki duara la udongo mkavu, na ndani yake kifungo cheupe ambacho hakuna aliyejua kimeanguka lini.

Zakayo alikiokota, akakigeuza vidoleni, akakitia mfukoni. Alipita mbele ya Evodi. "Pole, mzee," alisema, na hakuongeza.

Mama Lukelo alikuwa amepika kwa kuni, moshi umemjaa machoni. Alimwekea Evodi meza ya pembeni: ugali wa dona, maharage, majani ya maboga, kwenye moja ya sahani nyeupe. Akaja na beseni, jagi, na kipande cha sabuni.

"Nawa, baba. Ugali unapoa."

Evodi alikuwa ameukalisha mkono wa kulia juu ya goti, kiganja juu, kama mtu aliyebebeshwa kitu cha kumwagika. Ulinuka maganda, nywele, vitambaa, na kwa chini sana, uji uliopoa.

"Nipe kijiko," alisema.